Mzee Pamba na Kioo cha Kilimani

Watu wa kituo walimwita Pamba kabla hajawa mzee, na alipozeeka wakaongeza Mzee mbele, basi. Nilikuwa mke wake kwa miaka arobaini na mmoja na sikuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Nilimwita Baba Watoto, na nikikasirika nilimwita "wewe". Kwa kuwa hasira zangu haziko mbali, "wewe" ndilo alilolisikia zaidi. Sasa ni mwaka wa nne tangu anitoke. Nyumba ina ule utulivu niliokuwa nikiupigia kelele kila siku, na sitaki hata kusema jinsi ninavyouchukia.

Kazi yake ilikuwa kuosha kioo. Ukisema hivyo mtu anawaza dirisha. Kaka yangu mkubwa naye aliwaza dirisha siku nilipomleta mchumba nyumbani, akaniita pembeni akaniuliza kama mwanamume mzima anaweza kulisha familia kwa ndoo na kitambaa. Nilimwambia ni kioo cha darubini. Akasema hata kingekuwa cha ikulu, kitambaa ni kitambaa. Waliishi wakitaniana kwa jambo hilo mpaka mume wangu akazikwa.

Darubini yenyewe iko kwenye kituo cha nyota juu ya kilima nyuma ya mji wetu, ndani ya kuba jeupe ambalo ukiwa mtaa wowote unaliona, iwe unaanika nguo au umepanga foleni ya maji. Kioo kilicho ndani yake ni kikubwa. Ukipanga vitanda viwili vya watu wawili ubavu kwa ubavu havifiki ukingoni. Unene wake unafika magotini, na uso wake umebonyea kidogo sana kama sahani. Juu yake kimepakwa aluminiamu, nyembamba ajabu, kiasi kwamba ungeikwangua yote isingejaza kijiko cha chai. Hicho kijiko kisichojaa ndicho kinachokamata mwanga wa galaksi. Vumbi likikaa, chavua ikanata na nondo wakaacha mambo yao humo, kioo kinafifia. Kwa hiyo kila baada ya miaka miwili kilivuliwa nguo yake kuukuu, kikaogeshwa, kikavishwa mpya.

Mume wangu alikuwa kiongozi wa waoshaji tangu ana miaka thelathini. Siku ya kuosha ilikuwa mchana. Winchi ilikishusha kioo polepole hadi ukumbi wa chini, na alisema wakati huo hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Walimwaga dawa ya kuyeyusha aluminiamu, ikabaki glasi tupu. Halafu sabuni, halafu maji yaliyochujwa, halafu pamba, na hapo ndipo alipopata jina. Bonge la pamba linaloweshwa, linalazwa juu ya glasi, linavutwa kwa uzito wake lenyewe kutoka katikati hadi ukingoni, mara moja tu, kisha linatupwa. Huligeuzi wala hulirudishi, kwa sababu limeshabeba vumbi na ukilirudisha linakwaruza. Magunia mazima ya pamba yaliishia kwenye pipa. Baadaye kioo kiliingizwa kwenye tangi la chuma, hewa yote ikanyonywa, na aluminiamu ikachemshwa humo ndani mpaka ikawa mvuke na kutua juu ya glasi kwa usawa.

Tabia hiyo aliihamishia nyumbani. Nikimwambia afute meza, anafuta mara moja kutoka katikati hadi ukingoni halafu anatupa kitambaa. Kitambaa kizima, cha kufulia, kinakwenda jalalani! Nilipigana naye miaka mitatu juu ya vitambaa, mwishowe nikafuta meza mwenyewe. Nadhani ndicho alichokuwa akikitaka.

Mimi nami nilikuwa na sehemu yangu katika kioo kile, ingawa sikuwa nimewahi kukiona. Nilikuwa fundi wa kushona, na nguo za waoshaji nilizishona mimi. Zilikuwa ovaroli za pamba nyeupe zisizo na kifungo, zipu wala mfuko, kwa sababu mwoshaji anainama juu ya glasi tupu na kitu chochote kigumu kikigusa ni balaa. Zilifungwa kwa kanda mgongoni. Pete na saa ziliachwa mlangoni, na mmoja wao alinyoa kichwa kabisa ili unywele usije ukadondoka, wakamwita Kinyozi ilhali hajawahi kumnyoa mtu. Kwangu kulikuwa na sheria moja: pini zinahesabiwa. Nikitoa kumi na mbili kwenye kopo, zinarudi kumi na mbili, na hata binti yetu wa miaka sita alijua kwamba mama akihesabu hasemeshwi.

Nilijivunia nguo zile kuliko gauni lolote la harusi nililowahi kushona. Wakati mwingine Daktari alishuka mjini kuzichukua yeye mwenyewe. Huyo Daktari hakuwa wa kudunga watu sindano, alikuwa wa galaksi, dada mmoja mrefu aliyekuja kituoni akiwa bado kijana na kubaki hapo maisha yake yote. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini huko usiku kucha. Alikuwa amekaa juu ya marobota ya vitambaa vyangu, anakunywa chai. Akaniuliza, "Dada, tuseme wewe ni mgeni hapa duniani, una siku moja tu, unataka kujua binadamu anakuaje. Utafanyaje?"

Nikamwambia nitawauliza wazazi.

Akacheka. "Huna wa kumuuliza. Unachoweza ni kupita mtaani na kamera. Unapiga picha kichanga, unapiga mtoto wa shule, unapiga bibi kizee. Halafu unazipanga. Galaksi nazo hivyo hivyo. Siwezi kukaa nikaiona moja ikikua, inachukua mabilioni ya miaka. Lakini mwanga wa zile za mbali umesafiri muda mrefu sana, kwa hiyo naziona kama zilivyokuwa zamani, zikiwa ndogo. Za karibu naziona zikiwa watu wazima. Nazipanga ukutani."

Mume wangu aliuona ukuta huo na kunisimulia mara mia. Upande mmoja zilikuwepo zilizotulia, zenye mikono iliyojizungusha vizuri, nyingine za mviringo ambazo zimeshazeeka na hazizai nyota tena. Ukienda upande wa pili unazikuta ndogo, zimevurugika, zina mabonge mabonge, zinagongana na kumezana, na katika kumezana huko ndiko zinakokua. Hizo za mwisho Daktari aliziita vichanga. Zilikuwa hafifu mno, na kioo kikichafuka, zenyewe ndizo zinazopotea kwanza. Kila baada ya kuosha Daktari alipiga picha kipande kilekile cha anga akahesabu, na mume wangu hakurudi nyumbani kwa amani mpaka amuulize, "Vichanga wamerudi?" Mwaka mmoja walikuwa elfu moja na mia moja kabla ya kuosha, wakawa elfu moja na mia nne baada yake. Alitembea mtaani wiki nzima kama mtu aliyepata watoto mia tatu.

Sasa nifike nisikopenda kufika.

Binti yetu aliamka na homa siku moja kabla ya kuosha. Nilikuwa nafupisha mikono ya ovaroli ya mume wangu, mkono mmoja uko kwenye cherehani, mwingine uko kwenye paji la uso la mtoto. Nilitoa pini bila kuhesabu. Nilizirudisha bila kuhesabu. Nilipiga nguo pasi, nikaikunja, nikampa asubuhi, naye akaondoka na gari la kazi.

Pini moja ilibaki ndani ya upindo wa mkono wa kulia. Alipokuwa analaza bonge la pamba, ncha yake ikatokeza. Alisema sauti yake ilikuwa ndogo sana, kama mtu anayevuta kiti chumba cha pili. Sheria yao ni kwamba ukisikia kitu unanyoosha mkono juu, na wote wanarudi nyuma hatua tatu. Alinyoosha mkono huo huo wa kulia, akasema, "Ni mimi."

Mkwaruzo ulikuwa na urefu wa kidole gumba. Glasi haitiwi kiraka. Walichofanya, kama wanavyofanya popote penye vioo vya namna ile, ni kuupaka rangi nyeusi ili usitawanye mwanga ovyo. Doa hilo lingebaki hapo maisha yote ya kioo.

Alirudi jioni, akakaa kitandani kwa mtoto, akamshika shavu kuona kama homa imepungua. Halafu akaniambia bila kunitazama, "Nimewaambia upindo nilishona mwenyewe."

Nilijua maana yake. Nilipaswa kusema hapo hapo, "Hapana, kesho nakwenda kuwaeleza." Sikusema. Niliifunika cherehani kwa shuka, na kwa siku kumi sikushona hata kifungo. Sikulala wala sikula. Nilihesabu pini za kopo asubuhi na jioni kana kwamba ile moja itarudi yenyewe.

Siku ya kumi na moja ikaja barua kutoka kituoni: wanaomba ovaroli nyingine kumi na mbili, kwa kipimo kilekile, na fundi awe yuleyule. Nililia kwa furaha. Nikajisemea, wamemwamini, hawajui. Nikaondoa shuka juu ya cherehani.

Wiki hiyohiyo mume wangu aliondolewa kwenye kioo akawekwa langoni.

Alikaa langoni miaka kumi na tisa. Kibanda chake kilikuwa na dirisha moja, kiti, daftari la wageni na simu. Aliwafungulia wanafunzi, mafundi, wageni waliotoka nchi za mbali kuja kuangalia vichanga vyake. Siku za kuosha aliwapekua waoshaji mlangoni, akapitisha kiganja kwenye kila upindo wa kila nguo niliyoshona, kisha akawaacha waingie, naye akabaki nje na pete zao kwenye bakuli. Wakitoka aliwauliza kama wamevuta kutoka katikati. Kinyozi, aliyeshika nafasi yake, alikuwa anamjibu, "Kama ulivyotufundisha, Mzee." Na baada ya siku chache, gari la Daktari likipita, alilisimamisha bila sababu yoyote ya kazi. "Vichanga wamerudi?"

Hakuwahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu! Mimi ningemjibu, tungegombana, yangeisha. Badala yake niligombana naye kwa mambo mengine yote: viatu mlangoni, redio, jinsi anavyokata mkate. Nilimwambia mara moja, Mungu anisamehe, kwamba mtu anayefungua geti hana haja ya kuchoka. Aliendelea kukata mkate wake vibaya. Nilikuwa mwoga, ndiyo, na mwoga ana kelele. Niliogopa kwamba nikisema, yeye ataonekana mwongo na mimi nitanyang'anywa kazi. Kila nilipopeleka ovaroli mpya nilipita mbele ya kibanda chake, nimebeba furushi, naye anaandika kwenye daftari jina la mkewe na saa aliyoingia.

Ikabaki miezi miwili astaafu. Kuosha kungefanyika mwezi mmoja kabla. Jioni moja alikuwa anavua viatu, akasema, kama mtu anayeongea na kiatu, "Nitakuwa nimekiosha mara sita. Nilitaka zifike kumi." Alipanga viatu vyake pembeni, akaenda kunawa.

Sikufumba macho usiku ule. Nilijua kwamba nisiposema sasa, atatoka kilimani bila kukigusa tena, na sababu ni mimi. Kesho yake nilivaa gauni la maana, nikamwambia nakwenda kununua uzi, nikazunguka njia ya nyuma ya kilima ili asinione getini. Mwanamke wa miaka hamsini na sita anapita vichakani na mkoba! Nilifika juu viatu vimejaa majani.

Daktari wakati huo alikuwa mkuu wa kituo. Ofisi yake ilijaa makaratasi mpaka kwenye kiti cha mgeni, akayahamisha na kuyaweka chini. Sikukaa. Nilimwambia nimesimama kwa sababu nikikaa sitasema. Nikasema yote: homa, pini, upindo, shuka juu ya cherehani, barua, miaka kumi na tisa. Nikasema mume wangu alidanganya kwa ajili yangu na mimi nikamwacha adanganye. Nikamwomba amrudishe kwenye kioo hata kwa siku moja, na anifukuze mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Dada, ulidhani tulimwamini?"

"Si mliniletea barua?"

"Mumeo hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Kituo kizima kinajua. Siku kanda ya nguo yake ilipong'oka alitembea nayo imefungwa fundo mpaka jioni." Akavua miwani. "Nilikuwa mwandishi wa kamati. Tulijua siku ileile. Mkwaruzo wenyewe hauna neno, dada. Hilo doa jeusi linapunguza mwanga kidogo sana, vichanga hawaoni hata tofauti. Lakini kamati ilitaka kuonyesha kwamba hatua imechukuliwa. Iliamua nguo zishonwe kwingine, na fundi asiingie tena hapa. Ilikuwa imeshaandikwa. Yeye angebaki kwenye kioo."

Nikakaa, juu ya makaratasi mengine.

"Akaja," Daktari akasema. "Alisimama hapo uliposimama. Akasema, mke wangu ameifunika cherehani. Halali, hali, anahesabu pini. Mkimwondolea kazi sasa, hataifunua tena. Akasema kama lazima mtu atoke, atoke yeye, yeye ataweza. Wazee wa kamati wakabishana, wakakubali. Akatuomba jambo moja, usiambiwe."

Nakumbuka niliangalia dirishani na kuona paa la kibanda chake kule chini, dogo, na yeye amesimama nje anamwonyesha dereva pa kuegesha.

"Kamati ile yote imestaafu," Daktari akasema. "Mara nne nimemwambia arudi. Anakataa. Kwangu milango iko wazi, dada, hata kesho. Wa kumshawishi ni wewe."

Nilishuka kwa njia ya mbele. Alinifungulia geti, akanitazama kuanzia viatu vyenye majani hadi kichwani. "Uzi umeupata?"

"Tutaongea nyumbani," nikasema. Alinijua. Akatulia.

Nyumbani nilimngoja nimesimama katikati ya chumba. Alipoingia tu nikaanza. Nilimwuliza yeye ni nani wa kuniamulia. Nilimwuliza kwa nini alinifanya mjinga miaka kumi na tisa, napita na furushi langu naringa, kumbe kila ovaroli ninayoshona ni ya mtu aliyekaa kwenye nafasi yake. Nilimwambia ningejua nisingeshona hata moja.

"Ndiyo sababu," akasema.

"Ndiyo sababu nini?"

"Ndiyo sababu sikukwambia. Ungeacha."

"Ningeacha, ndiyo!"

"Basi." Akakaa, akaanza kufungua viatu. "Mama Watoto, mimi nilikiosha mara sita. Watu wangapi wamekigusa hata mara moja? Wewe siku zile ulikuwa unaniishia. Nilikuwa nakuona unaisha. Kioo kingepata mtu mwingine, nilikuwa nimeshamfundisha. Wewe ningekupatia nani?"

Nikakosa la kusema. Kwa mtu kama mimi hilo ni jambo kubwa, naye alijua, kwa hiyo akawa na adabu ya kutocheka. Niliketi karibu naye. Nikamwambia nampenda, neno ambalo kwetu tulikuwa tunaliacha lijulikane lenyewe. Akasema anajua. Nikamwambia arudi kwenye kioo.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

Akanyoosha mikono yake miwili mbele yetu. "Itazame. Ya mzee. Miaka kumi na tisa inafungua geti. Ikitetemeka je? Nikikiharibu tena je?"

Kumbe hakukataa kwa ajili yangu tu. Aliogopa. Miaka yote ile nilidhani mwoga katika nyumba ile ni mmoja.

Nilichukua futi ya kupimia, nikamwambia asimame. Akasimama. Nilipima mabega, nikapima kifua, nikapima mkono kutoka begani hadi kiganjani. Alikuwa amepungua kifuani na kuongezeka tumboni, nikamwambia hivyo, akasema ni kazi ya kukaa. Nilishona kwa siku tatu. Mikono niliikata kipimo chake tangu mwanzo ili kusiwe na cha kufupisha, na kila mshono niliupitisha mdomoni, kwa midomo yangu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu midomo inasikia kitu ambacho kidole hakisikii. Binti yetu, ambaye sasa alikuwa na mtoto wake mwenyewe, alikuja akanikuta hivyo, akafikiri nimechanganyikiwa. Nilimwambia atoke nje, nahesabu.

Asubuhi ya kuosha tulipanda gari la kazi pamoja. Daktari aliniweka kwenye roshani ya juu ya ukumbi, nyuma ya kioo cha dirisha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikakiona. Kilikuwa kimeshavuliwa aluminiamu. Nilitegemea king'ae. Hakikung'aa, kilikuwa kama maji mengi yaliyosimama, unaona hadi chini. Karibu na ukingo palikuwa na doa jeusi, urefu wa kidole gumba. Nililitazama sana. Nikamwomba radhi mtu sijui nani, kioo au vichanga.

Waoshaji waliingia wanane. Yeye alikuwa wa mwisho, mweupe tangu kichwani, na kwa jinsi alivyokuwa ameinamisha kichwa nilijua kwamba anataka kugeuka atoke. Kinyozi alichukua bonge la pamba, akaliloweka, akampa, kisha akarudi nyuma. Wote wakarudi nyuma hatua tatu wakamwachia kioo.

Alisimama na ile pamba maji yakimdondoka viatuni. Nilihesabu. Nilifika arobaini. Kisha akainama, akalilaza katikati, akalivuta. Mkono haukutetemeka. Ulikwenda polepole mpaka ukingoni, ukapita pembeni ya doa bila kusita, akalitupa bonge kwenye pipa, akanyoosha kiganja kuomba lingine.

Walimaliza saa tisa alasiri. Nilimsubiri kwenye korido, kwenye benchi, chini ya saa ya ukutani. Alitoka amelowa mpaka kiunoni, vidole vimekunjamana kwa maji. Akakaa kando yangu. Nikamwuliza ilikuwaje.

Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Nilikuwa nimesahau," akasema. "Kwamba ni cha baridi. Kila siku nilikuwa nakiwaza, kila siku, na nilikuwa nimesahau kwamba ni cha baridi."

Niliuchukua mkono wake. Ulikuwa wa barafu hasa. Watu walipita koridoni wakitusalimu, gari la kazi likapiga honi nje, tukapanda, tukashuka kilima, na sikuuachia mkono ule mpaka tulipofika mlangoni na yeye kuuomba ili atafute ufunguo.